Mama Fomu na Swali Lake Moja

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mitatu, Mama Fomu anaweka chini penseli yake katika kitengo chetu cha utafiti hapa hospitalini. Mimi mpanga mafaili nimekaa naye meza moja miaka kumi na tisa, na namshukuru Mungu kwa jirani huyo. Ila niseme ukweli: wasifu huu nimeuandika mara tatu nikaufuta, maana wiki hii hata mwenyewe haeleweki.

Kazi yake ilikuwa kupita vitandani kuwauliza wagonjwa wa kila kabila, dini na nchi swali moja: kitu gani kikikosekana, maisha yako hayana ladha? Fomu ilikuwa na visanduku vitano: afya, familia, kazi, imani, mazingira. Atie tiki, basi. Lakini fundi cherehani mmoja alitaka kutunga uzi kwenye sindano bila kumwita mjukuu. Dereva wa lori kutoka ng'ambo alitaka alale mpaka aamke mwenyewe. Bibi mmoja alitaka wake za wanawe waendelee kumwomba ushauri, hata wasipoufuata. Tiki hiyo utaitia wapi jamani? Mama Fomu aliyaandika yote pembeni, mpaka mkuu wa kitengo akaja juu kwamba fomu zimegeuka barua. Miaka sita baadaye mkuu huyohuyo aliongeza mistari minne ya "Mengineyo". Radhi hakuomba, ila alimletea boksi zima la penseli.

Siku moja Mama Fomu alimdodosa fundi bomba aliyekuja kuzibua sinki, nusu saa nzima, akidhani ni mgonjwa. Fundi alijibu yote. Alisema hajawahi kuulizwa.

Sasa, desturi yetu ni kwamba anayestaafu hujaza fomu hiyohiyo, ikawa faili lake la mwisho. Alipewa Jumatatu. Jumatano bado nyeupe. Mwanawe wa kwanza alikuwa ameshamkatia tiketi ya Jumamosi akaishi naye mji wa mbali, na chumba kimeshapakwa rangi. Sote tukamwambia ana bahati, wengine tungetamani. Mpishi akamtania kwamba anajivunga kama bibi harusi. Yeye akazunguka na penseli, akitudodosa mmoja mmoja tungejibu nini. Mimi nilijibu "imani" harakaharaka, halafu nikaona aibu mbele ya Mungu wangu: nilikuwa nawaza goti langu.

Alhamisi mwanawe huyo alikuja kuchukua vitu vyake. Fomu ilikuwa mezani, visanduku vyote vitupu, na pembeni kwa penseli: "Sijui. Mimi hakuna aliyeniuliza." Mwanaume mzima yule akasoma mara mbili. Akavuta kiti cha wagonjwa, akaketi na boksi la vitu vya mama yake mapajani, akamwuliza mama yake lile swali, neno kwa neno. Mama Fomu akacheka, akasema ngoja kwanza, hata hajui aanzie wapi.

Safari imeahirishwa mwezi mmoja. Ataenda au atabaki, sisi hatujui, naye hajui. Mungu ndiye ajuaye. Fomu tumemwachia aondoke nayo, na penseli mbili.

Asante, mwenzetu, kwa kusikiliza watu wote hao hadi mwisho wa sentensi. Tunakutakia maisha mema. Ni yapi hayo, utatuambia mwenyewe, nasi hatutakukatiza.