Siku Mama Sentimita Aliposema Mwenyewe

Jumanne, tarehe 6 Machi 2018, saa nne na dakika ishirini asubuhi, katika chumba cha kukatia vitambaa, mama yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Sentimita, alikata mikono arobaini ya mashati ya shule, yote ya kushoto, na fundi wa pasi alipomtania, "Leo tunawavisha watu wa mkono mmoja?", kila mtu alicheka, naye akacheka, kisha akaenda stoo akalia.

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1969, mtoto wa tatu kati ya sita, akamaliza shule mwaka 1985, akasomea ushonaji miaka miwili, na tarehe 1 Februari 1988 akaajiriwa katika kiwanda cha sare alichokitumikia hadi Juni 2022, kwanza kama mkataji, mwishoni kama mwalimu wa wakataji wapya. Aliolewa na baba yetu, fundi umeme, tarehe 12 Desemba 1992, wakajaliwa kaka yangu mwaka 1994 nami mwaka 1997.

Tarehe 19 Julai 2018, akiwa na miaka arobaini na minane, iligundulika ana dimensia, ugonjwa unaokula kumbukumbu, ambao tulidhani ni wa wazee tu. Daktari alikuwa akimweleza baba, mpaka Mama alipogonga meza: "Daktari, mgonjwa ni mimi, na niko hapa." Tangu hapo, kila Jumatano alikwenda kliniki kukaa na wagonjwa wapya, akiwaambia ndugu zao wawaache wajibu wenyewe. Alifariki kwa nimonia Jumamosi, tarehe 11 Januari 2025, saa tisa alasiri, baba akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliomrudisha nyumbani kila alipopotea bila kumwaibisha, na wafanyakazi wenzake, hasa fundi wa pasi, ambaye bado yuko kazini.

Lipo jambo nililoshauriwa nisilisome, lakini nikiliruka nitakuwa nimemziba Mama mdomo mara ya pili. Alhamisi, tarehe 21 Novemba 2019, kiwanda kiliitisha kikao cha kuamua kama wenye maradhi ya kudumu waachishwe kazi au wapewe kazi wanazoziweza, wakiwemo Mama na fundi wa pasi, ambaye macho yake yalikuwa yakififia. Mama aliandaa hotuba kwa wiki tatu, sentensi moja kwa kila kipande cha karatasi ngumu, kwa herufi kubwa. Mimi, kwa kuogopa kwamba watamcheka, nilisahihisha makosa yote, nikaichapa kwenye kurasa mbili safi, nikavichana vile vipande.

Aliposimama kikaoni, mimi nikiwa nimemsindikiza, alizitazama zile kurasa dakika nzima, hata meneja akaanza kufunga faili lake, nami nikanyanyuka nimsomee.

"Kaa chini, mwanangu. Haya ni yako, yangu ninayo." Akawageukia wao. "Nasahau, ndiyo. Juzi nilisahau jina la huyu binti. Lakini nipeni kitambaa na mtu wa kunihesabia, muone. Na huyu wa pasi mkimfukuza, mkasi nao nauweka chini."

Meneja alitaka maneno hayo kwa maandishi kabla ya saa sita mchana wa kesho yake.

Ijumaa asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Mama alinikalisha mezani, akanipa kalamu, akasema, "Andika ninavyosema, usinirekebishe," akaanza, naye hakuniacha ninyanyuke hadi neno la mwisho.

Pumzika, Mama. Umesema.