Kuta za Kikanisa cha Kwanza

Baba Paroko, Mheshimiwa Diwani, wazee wetu, shikamooni. Nanyi ndugu wageni mliopanda kutoka Himo, Moshi na hapo Mkuu, karibuni sana.

Mimi Leodegar, fundi mwashi, nimepewa heshima ya kueleza historia ya magofu haya tunayoyafungua leo. Hiki ndicho kikanisa cha kwanza kijijini kwetu. Babu zetu walichonga mawe, bibi zetu wakayabeba kichwani kutoka mtoni, na watu wakasali humu miaka mingi, hadi masika moja paa lilipoanguka. Parokia ikajenga kanisa kubwa kule barabarani, na migomba ikaziba mlango huu.

Miaka miwili iliyopita kamati ilinituma nibomoe kuta, mawe yakajenge msingi wa chekechea. Nani angekataa jambo jema kama hilo? Nilifika asubuhi na nyundo yangu, nikamkuta Mama Dominika, huyu mnayemwona hapa mbele, ameketi kando ya jiwe la ubatizo. Nilimwamkia, nikamweleza kazi iliyonileta, nikamwomba asogee. Hakugomba. Alinisimulia kwamba mtoto wake wa kwanza alizaliwa dhaifu, wakamkimbiza hapa abatizwe, na jioni ile ile akafariki. Hata picha hakupigwa.

Kisha akasema, "Mwanangu, jina lake lilitajwa mbele ya watu mara moja tu, na ni hapa. Ukiliondoa jiwe hili, nitakwenda kumkumbukia wapi?"

Niliweka nyundo chini, nikaketi naye. Nikamwuliza mtoto aliitwa nani.

"Priska," akasema, na uso wake ukafunguka.

Nilirudi kwenye kamati nikakiri kwamba mkono wangu umegoma. Wengine walikasirika, na walikuwa na haki. Ndipo Baba Paroko akafungua daftari la zamani la ubatizo, akalikuta jina lile, akatusomea. Hakuna aliyebisha tena. Chekechea tuliijenga kwa matofali, ikachelewa mwaka mzima, nanyi wazazi mlivumilia. Nawashukuru kwa moyo wote.

Leo asubuhi nilidhani nimewahi. Kumbe Mama Dominika alishafika, na wajukuu wake watatu, ambao hakuwahi kuwaambia habari hizi. Nilimsikia akiwaambia taratibu, "Hapa ndipo shangazi yenu alipobatizwa."

Mama, tangulia wewe kuingia, sisi tutakufuata. Nanyi nyote, ahsanteni kwa utulivu mlionisikiliza nao.