Ufunguo Uliokosewa

Pale kwenye kona, kati ya duka la dawa na kibanda cha kuchonga funguo, kuna benchi lenye wenyewe; ukikalia nafasi ya mtu utaambiwa. Kabla ya adhuhuri walikuwa wanne. Redio, kinyozi, jina alilipata kwa sababu hazimiki. Mstaafu, karani wa zamani, hadi leo havui tai. Shemeji, muuza kahawa, kila mtu anamwita hivyo na hakuna aliyemwoza dada. Na Fundi Funguo, aliyejibanza mwisho wa benchi, roho mkononi. Mama yake mzazi ametoka hospitali juzi, kifua bado kibovu, na yeye ndiye anayemlisha. Vikombe vilizunguka, vikasuuzwa kwenye ndoo moja, vikazunguka tena.

— Jamani, korona imekuja na kirusi kipya, Redio alianza.

— Kipya kivipi? Mstaafu akafoka. Niliugua, nikachanja, nimemalizana nacho!

— Hujamalizana na kitu, mzee wangu. Wakikitangaza tu, kinasikia, kinabadili nguo.

— Acha uongo! Kinahamishwa vituo kama watumishi. Hiki kikizoeleka, kinaletwa kingine.

— Mnajisumbua bure, Shemeji akadakia. Kikikutana na kahawa ya moto hapa kooni, habari yake kwisha.

Wakacheka. Fundi hakucheka.

— Hakina masikio wala bosi, alisema. Kinajinakili tu. Mimi nikichonga nakala ya nakala, jino moja huenda upande. Mara nyingi ufunguo huo haufungui kitu, natupa. Lakini chonga maelfu uone. Siku moja uliokosewa utafungua kitasa ambacho ule wa kwanza ulishindwa.

— Sasa nani huyo anachonga maelfu? Redio akauliza.

— Sisi. Kila anayeugua ni kibanda. Tukizidi kuambukizana, nacho kinazidi kupata nafasi ya kukosea.

— Na chanjo yangu je?

— Inakusaidia usizidiwe. Ila kukipata unaweza, mzee, na kumpelekea mwingine pia.

Maneno yake mwenyewe yakamtia baridi. Asubuhi ile alikuwa amempulizia mama supu, kijiko kwa kijiko. Akajipa moyo: hakohoi, hana homa, mafua hana. Lakini moyo haukutulia.

Dada wa duka la dawa akatoka mbio, kiganja puani.

— Shikamooni. Kahawa inaungua jamani, inanuka mpaka ndani kwangu! Ninyi hamsikii harufu?

Redio akavuta pumzi kwa pua, akavuta tena. Mstaafu akalegeza tai, akainama. Shemeji akafunua birika: kahawa imekauka, kitako cheusi, moshi ukampiga usoni. Yeye, aliyechemsha kahawa maisha yake yote, alibaki anautazama tu. Wote walishaiona korona ikiua pua za watu.

Fundi akasogeza uso kwenye moshi mpaka macho yakamtoka machozi. Pua kimya. Akainuka akimbilie kwa mama, akafika hatua ya pili, akaganda. Nyumbani ndiko hasa asikopaswa kwenda.

— Rudi nyuma, dada yangu! akapiga kelele. Rudi kabisa, usitusogelee!

Kisha akakaa chini palepale barabarani akalia kwa sauti, maana mama alikuwa hajala chakula cha mchana, na pale nyumbani walikuwa wawili tu.