Majeruhi wa Mazoezi

Mbele yangu kwenye basi, mzee aliyefungwa bendeji mguuni alimhakikishia mama aliyeketi naye, ambaye hawakujuana, kwamba hakuumia popote. "Mimi ni majeruhi wa mazoezi tu. Waokoaji wa kujitolea wa mlimani wanajifunzia huduma ya kwanza kwangu."

"Kulala juu ya mawe na baridi ile, baba! Nyumbani hawakukatazi?"

"Nani akataze? Nakaa peke yangu. Kule wanafundishwa wamshike mgonjwa mkono, wamsemeshe asizimie. Wananiuliza hata nimekula nini."

"Lakini si wanaigiza?"

"Mkono hauigizwi, mwanangu."

Mama alitikisa kichwa. Hakushawishika, nami sikuulizwa. Basi lilipopunguza mwendo, akasema, "Na wakishahitimu?"

Mzee alisimama, akafunga koti mpaka shingoni. "Wamehitimu leo," alisema. Basi likasimama, akashuka.