Eladio Usero Berenguel, Mtu Aliyeajiriwa Kuanguka

Marehemu Eladio Usero Berenguel alizaliwa tarehe 11 Machi 1941 hapa Tabernas, mkoa wa Almería, katika nyumba ya pili kutoka kwenye kisima cha juu. Alikuwa mtoto wa tatu wa Hilario Usero, msuka kamba za nyasi za esparto, na Ginesa Berenguel. Ulikuwa mwaka wa njaa. Mama yake alisema alizaliwa mwepesi hata mkunga akadhani amepokea nguo tupu.

Alisoma shule ya wavulana ya hapa mjini kuanzia 1947 hadi 1951, akajua kusoma, kuandika na kutoroka. Mwalimu alipomuuliza baba yake kwa nini mtoto haonekani darasani, mzee alijibu, “Bwana mwalimu, akija kwako anasinzia. Akiwa na nyumbu wangu wa mizigo, angalau nyumbu wanamwamsha.” Basi akabaki na nyumbu. Huko ndiko alikojifunza kuanguka, na huko ndiko alikompata Cosme Felices, mtoto wa jirani, aliyeanguka vizuri kuliko yeye.

Watu wa filamu za kikauboi walipofika kutoka Roma mwaka 1964, marehemu na Cosme waliajiriwa siku moja. Kazi yao ilikuwa kuanguka kutoka juu ya farasi badala ya waigizaji wakubwa, ambao mifupa yao ilikuwa ghali. Kazi hiyo ilikuwa na desturi yake: mtu hachimbi pa kuangukia pake mwenyewe. Mwenzako ndiye anayechimba, anachekecha udongo mara tatu ili jiwe lisibaki, anatandika mchanga, kisha nyasi za esparto juu yake. Akiridhika, husimama ukingoni na kuinua kofia juu ya kichwa. Kofia isipoinuliwa, farasi haondoki.

Sauti zilitiwa baadaye huko Roma, kwa hiyo mbele ya kamera kila mtu alisema alichotaka. Ipo filamu ambayo hao wawili wanaonekana mezani, bastola mkononi, wakitishana kifo. Ukweli ni kwamba Cosme alikuwa akisema, “Mbuzi wako amekula fulana yangu,” na marehemu akamjibu, “Mwambie mama'ko aache kuianika chini kama anamtega.” Ilipoonyeshwa hapa mjini ukumbi mzima uliisoma midomo yao ukaangua kicheko, kwani yule mbuzi walimfahamu wote.

Kiangazi cha 1966 ilipigwa filamu ya wawindaji wawili wa majambazi, watu wanaoishi kwa zawadi ya kichwa cha mtu, kila mmoja akitaka kumwahi mwenzake kwa jambazi yuleyule. Marehemu alianguka badala ya mwindaji mwenye koti jeusi, Cosme badala ya yule mwenye mvi. Kisha mwongozaji akatangaza kwamba mmoja wao, atakayeanguka vizuri zaidi, ataondoka naye kwenda Roma. Kuanzia siku hiyo ushindani wa kwenye filamu ukahamia mezani kwao, na wale waliokula sahani moja wakawa wanakula wamepeana mgongo.

Tarehe 9 Septemba, kwenye korongo kavu chini ya mji, ilikuwa zamu ya marehemu kumchimbia Cosme. Alichimba huku jicho likiwa kwa mwongozaji, aliyekuwa akiwakagua farasi. Alichekecha mara moja. Akainua kofia. Cosme akamwamini, akaangukia jiwe lisilozidi yai la bata, na nyonga yake ikavunjika. Hakupanda farasi tena.

Mji ulisema jiwe liliwekwa. Marehemu hakujitetea. Nafasi ya Roma ilikuwa yake, akaikataa, akaenda kuziba matundu ya mapaa ya plastiki kwenye mashamba ya nyanya. Mara moja tu alimwambia binti yake Rosaura, “Sikuliweka lile jiwe. Lakini sikulitoa.”

Tarehe 20 Aprili 1969 alifunga ndoa na Virtudes Plaza katika kanisa la hapa mjini. Kiti cha msimamizi wake kilibaki kitupu, kwa sababu alimwalika Cosme na hakutaka mwingine. Kila Noeli Virtudes alimpelekea Cosme mkate wa tini. Sahani ilirudi imeoshwa, bila salamu. Aliendelea hivyo hadi alipofariki mwaka 2011, na mumewe akaendelea baada yake, akiiacha mlangoni na kuondoka haraka.

Mwaka 2019 mapafu yalianza kumshinda. Januari hii, akiwa amelazwa hospitalini Almería, aliomba asiwekwe ukutani pamoja na ndugu zake, katika vile vijumba vya maiti vilivyojengwa juu kwa juu makaburini, bali ardhini. “Ukutani hakuna anayechimba,” alisema. “Kamwombeni Cosme.”

Rosaura alikwenda. Mzee Cosme alimsikiliza akiwa mlangoni.

“Mjomba, baba anakuomba umchimbie.”

“Mwambie ana mdomo. Miaka hamsini na mitano mlango huu sikuutia kufuli.”

“Alikuwa na haya, Mjomba.”

“Na mimi nilikuwa na nyonga.”

Akaufunga mlango. Rosaura alirudi hospitalini akamwambia baba yake kwamba Cosme anafikiria. Marehemu alimtazama, akampigapiga mkono. Alifariki tarehe 2 Februari 2022, saa nne asubuhi, mjini Almería, bila kupata jibu. Hilo linamuuma binti yake, anayewasomea haya, na litaendelea kumuuma.

Yanayofuata hayamo kwenye karatasi mlizoshika, maana zilichapwa jana. Leo saa mbili asubuhi mchimba kaburi wa manispaa alimkuta Mzee Cosme kaburini, na mkongojo, chekecheke na mzigo wa esparto.

“Mzee, huyu hatajua kama ni laini au si laini.”

“Mimi nitajua. Shika upande huo, bado mara ya tatu.”

Marehemu ameacha watoto wawili, Rosaura na Hilario, mkwe, Fermina, wajukuu wanne, dada yake, Sagrario, na, kwa jina lililoongezwa kwa kalamu asubuhi hii, rafiki yake Cosme Felices. Yuko pale ukingoni mwa kaburi. Mnaodhani amevua kofia kwa heshima ya msiba, tazameni vizuri: ameiinua juu ya kichwa, na haishushi.

Nenda, Baba. Pamechekechwa mara tatu. Apumzike kwa amani.