Akilia, Ananyamazishwa na Nini?

Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali manne, umeegemea ukuta wa kinyozi, na ukikaa upande wa kushoto unachomwa na msumari ambao kila mtu anaujua na hakuna anayeung'oa. Saa kumi jua likishazunguka nyuma ya paa, wenyewe huanza kuingia mmoja mmoja, na Bi Birika huwamiminia kahawa bila kuuliza, maana kila mmoja anamjua kwa kikombe chake na kwa maneno yake. Hapo matatizo yote ya dunia hutatuliwa kabla ya magharibi, na dunia, kwa ukaidi wake, huendelea vilevile. Jioni hiyo ilikuwa ya kuamkia siku ya shule ya msingi kufunguliwa. Fundi baiskeli wanayemwita Pampu alifika ameshika karatasi kwa ncha za vidole, akihofia kuipaka grisi. Jina la Pampu alipewa kwa ajili ya kazi, ingawa mkewe husema ni kwa ajili ya upepo.

— Leteni akili zenu hapa, akasema. Mwenzenu nimekwama.

Karatasi ilikuwa fomu ya darasa la kwanza. Mwalimu mpya wa darasa hilo alikuwa ameigawa kwa kila mtoto anayeanza, na juu kabisa ameandika: ijazwe na baba, au anayesimama mahali pake, kwa mkono wake mwenyewe. Chini yake maswali manne. Na mwisho kabisa: mtoto asiyekuja na fomu siku ya kwanza atasubiri ofisini mpaka baba yake afike.

Hayo ya mwisho ndiyo yaliyomnyima Pampu raha. Kitindamimba wake alikuwa ameshajaribu sare mara saba tangu Jumatatu, na mara moja alilala nayo. Pampu alimwona kwa macho ya moyo, kakaa peke yake kwenye kiti cha ofisi miguu haifiki chini, wenzake wanachagua madawati. Alikuwa amempelekea mkewe fomu mara mbili. Mara ya kwanza mkewe alimrudishia. Mara ya pili alimsomea yale maneno ya juu, polepole, kisha akaendelea kuchambua mchele.

Kinyozi aliipokea karatasi, akaisoma kwa kuisogeza mbali na uso. Huyu wanamwita Wakili, kwa kuwa miaka kumi na miwili iliyopita aliitwa mahakamani kutoa ushahidi, na kesi ikaahirishwa kabla hajafungua mdomo.

— Kwa nini baba? akauliza Wakili. Hilo ndilo swali la kwanza. Tangu lini shule ikamtaka baba, kama si siku ya kuchimba choo?

— Ndicho ninachouliza, akasema Pampu.

— Tena kwa mkono wake mwenyewe. Unaona mtego huo? Wanataka mwandiko wako, bwana. Ukiandika mtoto anaogopa mbwa, kesho kutwa mbwa akaingia shuleni, watakuambia ulijua na ukamleta. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Sasa hapo nguo imeingiaje? akauliza Daktari.

— Fomu ameileta mfukoni. Mfuko uko wapi?

Daktari alitikisa kichwa kwa masikitiko. Alilinda geti la hospitali miaka thelathini, na kwa maoni yake mtu hawezi kusimama mahali miaka yote hiyo bila elimu kumwingia.

— Hakuna cha sheria hapo, akasema. Anapenda nini, anaogopa nini, akilia ananyamazishwa na nini. Hayo ni maelezo ya mgonjwa. Watu walikuwa wakiulizwa hivyohivyo pale getini kabla ya kwenda kupasuliwa.

— Wakiulizwa na nani?

— Na mimi. Na anaulizwa baba kwa sababu woga unarithiwa upande wa baba. Mwalimu anataka kujua chanzo.

— Mimi si mwoga, akasema Pampu.

— Sijasema wewe. Nimesema upande wako.

Hapo Redio akaona amenyamaza vya kutosha. Redio hupaka rangi nyumba za watu, na huzungumza bila kuwashwa na mtu. Alisogea mpaka mwisho wa benchi, akakumbuka msumari, akarudi.

— Ninyi wote mnazunguka mbuyu, akasema. Niulizeni mimi. Huyo mwalimu kuna aliyemwona?

Wakatazamana.

— Mke wangu amemwona, akasema Pampu. Walisalimiana siku ya kuandikisha.

— Amemwona akila?

— Kwa nini amwone akila?

— Basi hajamwona. Ni mashine hiyo. Siku hizi zipo, zinavalishwa gauni, zinaletwa kufundisha. Sasa mashine haina mtoto, haijui kilio ni kitu gani. Inakusanya majibu kwa akina baba. Ikishashiba, darasani inaingia yenyewe, na nyumbani inakuja yenyewe, na wewe Pampu huna kazi tena.

— Kazi ya baiskeli?

— Kazi ya ubaba.

Bi Birika alicheka puani, akaongeza mkaa. Yeye haingii kwenye mabishano yao. Amelea watoto watano kwa birika hilohilo, na hawa watu wazima anawahesabu pia, ingawa hajawaambia.

— Jamani, akasema Pampu, iwe mashine au nani, hii karatasi kesho saa moja inatakiwa ishikwe na mtoto. Mtasaidia au hamtasaidia?

Wakasaidia. Wakili alimpa kalamu ya kuandikia majina ya wateja, na ubao wa kuchanganyia povu la ndevu auweke juu ya magoti. Swali la kwanza lilikuwa jina la mtoto na jina la nyumbani, na hilo Pampu alilijaza mwenyewe bila msaada, akajisikia vizuri. Swali la pili: anapenda nini?

— Kengele za baiskeli, akasema Pampu. Akija pale kazini anazipiga zote, moja baada ya nyingine. Mpaka wateja wanakasirika.

— Futa wazo hilo, akasema Wakili. Kengele si somo. Unataka mwalimu aseme huyu wa gereji? Andika: nidhamu, usafi na kuamka mapema.

— Haamki mapema.

— Utakuwa umempa lengo.

Pampu aliandika nidhamu, usafi na kuamka mapema. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa, na "mapema" ikabidi ipande ukingoni kama mtu anayekwea ukuta. Swali la tatu: anaogopa nini? Hapo alifikiri sana na asipate kitu. Usiku wa mvua huwa anahamia kitanda cha mama yake, hilo alilijua, kwa sababu yeye ndiye anayesukumwa pembeni. Lakini kama ni radi, au giza, au paa linavyogonga, hakuwahi kuuliza.

— Mungu, wazazi na sifuri, akasema Daktari.

— Hiyo ni nzuri, akasema Redio. Inaonyesha malezi.

Ikaandikwa. Likabaki la nne. Akilia, ananyamazishwa na nini?

— Hili jepesi, akasema Wakili, na kwa mara ya kwanza jioni hiyo alionekana kufurahia kazi yake. Wahenga walishalijibu. Mtoto akililia wembe, mpe. Andika: wembe.

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi Daktari alipomdaka Pampu mkono.

— Wewe una wazimu? Mwalimu asome kwamba nyumbani kwenu mtoto akilia anapewa wembe?

— Ni methali.

— Polisi hawasomi methali. Watakuja kuuliza wembe umetoka wapi, na duka la wembe ni hili hapa limetuegemea mgongoni.

Wakili alitazama ukuta wake.

— Basi andika pipi, akasema.

— Ukiandika pipi, akasema Redio, umekiri kuoza kwa meno. Mashine itaweka kumbukumbu.

— Andika anabembelezwa, akasema Daktari.

— Anabembelezwaje?

— Kwa kubembelezwa. Ndivyo inavyokuwa.

— Na nani?

Daktari alikunywa kahawa yake mpaka kwenye tope, jambo ambalo huwa halifanyi. Mabishano yalikuwa yameingia dakika ya arobaini, na sehemu ya nne ya fomu ilikuwa bado nyeupe, isipokuwa nukta moja ya wino pale wembe ulipotaka kuanzia.

Ndipo akafika msoma mita wa maji. Hakuna aliyemjua. Alikuwa mgeni mtaani, amevaa buti za mpira na fulana ya kazini, daftari kwapani, ameshinda siku nzima anafunua vifuniko vya mita kwenye nyua za watu. Aliomba kahawa, akaomba na mahali pa kukaa. Walimsogezea upande wa kushoto.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Wakili, na hiyo angalau aliipatia.

Mgeni akakaa, akainuka kidogo, akakaa tena vizuri zaidi bila kusema neno. Redio alimnong'oneza Daktari kwamba mtu mwenye daftari hajawahi kuja mahali bure. Lakini mgeni hakufungua daftari. Alikunywa mafunda mawili, akasoma ile fomu kutoka pembeni jinsi watu wanavyosoma gazeti la mwenzao, na kabla ya funda la tatu akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayeulizia njia.

— Kwani akilia, wewe huwa unafanya nini?

Wakili alichukua kitambaa akaanza kufuta mashine ya kunyolea ambayo ilikuwa safi. Redio alianza kukwangua rangi iliyokauka kwenye kucha zake.

— Ngoja nikumbuke, akasema Pampu.

Akakumbuka. Alianza na juzi, mtoto alipoangukia ndoo. Akarudi nyuma hadi ile homa ya meno, na kwenye yule mdoli aliyekanyagwa na gari, na siku mama yake aliposafiri kwenda msibani. Vilio vyote vilikuja, hata sauti zake alizisikia moja moja. Lakini katika kila kimoja alipojitafuta, alijiona yuko mahali palepale: mlangoni, anavaa viatu.

— Huwa natoka, akasema.

— Unakwenda wapi? akauliza mgeni.

— Nakuja hapa.

Hakuna aliyecheka. Daktari alikuwa amekaa kwenye benchi hilo tangu kabla hajastaafu, na wanawe wanne wameshaoa na kuolewa. Wakili aliweka mashine chini. Pampu hakuhitaji kuwauliza, wala hakutaka. Aliona aibu, akaona na huzuni, na zaidi ya hayo akaona kwamba ile fomu ilikuwa imeuliza kitu kilekile ilichouliza, toka mwanzo, bila mtego wowote.

— Bi Birika, akasema Redio kwa sauti ndogo, hebu ongeza.

— Kahawa imekwisha, akasema Bi Birika.

Birika lilikuwa juu ya makaa, linachemka, mvuke unatoka mdomoni, kila mtu anausikia. Hakuna aliyebisha. Mmoja mmoja waliinuka, wakapangusa suruali zao, wakaagana kama watu wanaotoka kumzika mtu wasiyemjua sana. Msoma mita aliomba radhi, hakujua kwa kosa gani. Bi Birika akamwambia akae amalizie yake.

Pampu alikunja fomu, akaifunua tena isikunjamane, akaondoka nayo hivyohivyo mkononi.

Alimsikia kabla hajafika. Mlango ulikuwa wazi. Kitindamimba alikuwa sakafuni, katika sare yake, kiatu kimoja mguuni, analia kile kilio cha chini ambacho hakimwiti mtu. Mama yake alitokeza kutoka jikoni na mwiko mkononi, akamwona mumewe kizingitini, akaiona na karatasi. Akarudi jikoni. Pampu aliisikia sufuria ikifunikwa.

Miguu yake ikataka kugeuka, maana njia ilikuwa inaijua. Akaishikilia pale. Mtoto akainua uso, kamasi na machozi, akamshangaa mpaka kilio kikakatika katikati.

— Baba, akasema, umesahau nini?

Pampu alivua viatu vyake. Akavisukuma mbali chini ya kitanda, akakaa sakafuni kando yake. Mtoto alimtazama kwa muda, akisubiri achukue alichokuja kuchukua. Alipoona hachukui, akampa kile kiatu cha pili amshikie, kisha akaendelea kulia.