Pepo Lililotoka Mkebeni

Bwana asifiwe! Na nyinyi wa nyuma mnaochati, asifiwe huko huko.

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ndiye yule kijana wa Kangemi aliyetokwa na pepo jeusi hapa mbele, mkapiga vigelegele. Leo nashuhudia jinsi lilivyoingia. Liliingia asubuhi hiyo hiyo, kwa brashi.

Nilizaliwa na shungi la nywele nyeupe juu ya paji, na macho ya samawati kama paka wa matajiri wa Loresho. Shuleni naibu mwalimu mkuu alidai nimepaka nywele dawa ya rangi. Mama naye, kwa aibu, kila Jumapili alinipaka shungi hilo rangi ya viatu ya mkebe kabla ya ibada. Sasa siku ile mhubiri mgeni akanimwagia mafuta ya upako bila kipimo. Mafuta na rangi ya viatu, ndugu zangu! Weusi ukanitiririka usoni, kanisa likalipuka. Nusu ya pepo iliishia kwenye suti yake nyeupe, nusu ikaniingia machoni.

Nikakimbizwa kliniki. Daktari, mama mpole, akaniosha macho, akayatazama sana, akatazama na nywele, halafu akamgeukia Mama.

"Nyumbani kuna mtoto asiyesikia?"

Yupo Mueni, dada yangu mdogo. Ukimwita hageuki. Wote tulisema ana kiburi; alifinywa, akaombewa, akafinywa tena.

Mimi nikauliza maswali mpaka daktari akavuta kiti. Nywele na masikio vinajuanaje? Akasema kuna jeni iitwayo PAX3, na protini inayotokana nayo kazi yake ni kuwasha na kuzima jeni nyingine, kama kiranja mwenye kengele. Kengele isipolia sawasawa mtoto akiwa tumboni, chembe za rangi hazifiki zinakotakiwa. Na ndani ya sikio nako zinahitajika! Mimi zilikosekana kwenye nywele na macho tu. Mueni huenda zilikosekana sikioni. Mara nyingi, akasema, hutoka kwa mzazi.

Ndipo Mama akafungua kitambaa cha kichwa, na sikuwahi kumwona bila hicho. Shungi jeupe, ndugu zangu, kama langu!

"Nilidhani ni laana ya kwetu," akasema.

"Ni jeni, mama. Mlete msichana apimwe."

Vipimo vikathibitisha. Mueni hasikii kabisa. Sasa anasoma shule ya viziwi, na jina langu kwa ishara amelitunga mwenyewe: anasugua paji la uso, kama mtu anayepiga kiatu brashi. Kumbe kila Jumapili alikuwa anatuangalia.

Namshukuru Mungu aliyenitoa kwenye mkebe, akamtoa Mueni kwenye kufinywa. Kama kwako kuna mtoto mwenye kiburi, mpeleke apimwe masikio, kisha njoo tuombe. Mtumaini Mungu, na daktari umwamini.

Sasa msinipigie makofi. Mueni amekaa hapa mbele na hayasikii. Inueni mikono, mtikise vidole; ndiyo makofi ya viziwi. Wote, hata mhubiri.

Mama, mgeuze awaone.